Ijue tangawizi kabla ya kuitia kwenye chai

MSOMAJI, huenda umekunywa kikombe cha chai ya tangawizi asubuhi ya leo kabla ya kulifungua gazeti hili. Kama si wewe, basi ni yule aliyeketi karibu nawe ndani ya matatu. Tangawizi imeingia kila nyumba. Imo kwenye chai ya maziwa, imo kwenye pilau na mchuzi wa samaki, na imo kwenye kile kinywaji cha ndimu na asali ambacho mikahawa ya Nairobi hukiuza kwa jina la 'dawa'. Ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini mwaka wa 2020, watu waliigombania sokoni pamoja na malimau na vitunguu saumu hata bei ikapanda.

Hata hivyo, ukimuuliza mkazi wa mjini tangawizi humea namna gani, aghalabu atakujibu kwamba ni mzizi. Wengine hudhani ni aina ya kiazi. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote niliyokaa chuoni nikisomea udaktari, nilikuwa katika kundi hilo. Aliyenitoa ujingani ni mama mmoja muuza chai wa Banissa, na somo lenyewe lilianza kwa kosa langu.

Banissa ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kutoka Nairobi hadi Mandera ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Nilifanya kazi katika sehemu hiyo kwa miaka miwili, na ukame wa mwaka wa 2017, uliotangazwa na serikali kuwa janga la kitaifa, ulinikuta huko. Chai ya huko haifanani na hii yetu ya mjini. Hupikwa kwa maziwa, mara nyingi ya ngamia au ya mbuzi, ikatiwa sukari nyingi, iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, ambayo wenyeji huiita sanjabiil. Jina hilo ni ndugu wa zanjabili ya Kiarabu, inayotajwa ndani ya Kurani katika Sura ya 76, aya ya 17, pale panapoelezwa kinywaji cha watu wa peponi. Kwa hivyo si ajabu kwamba mzee wa Banissa akikupa kikombe cha chai hiyo huona amekupa kitu chenye heshima.

Siku moja nilikuwa nikinywa chai kwenye kibanda cha mama huyo. Aliniuliza kama tangawizi yamfaa mkaza mwanawe, ambaye alikuwa na mimba changa na alikuwa akisumbuliwa na kichefuchefu kila asubuhi. Nilikuwa na kipande cha anjera mdomoni na wagonjwa walikuwa wakinisubiri. Nikamjibu, "Yamfaa mama, mpe tu." Nikalipa, nikaenda zangu.

Siku sita baadaye waliniletea msichana yule akiwa ameshikiliwa na watu wawili. Macho yalikuwa yameingia ndani, ulimi umekauka kama ngozi, na hakuwa amekojoa tangu jioni ya siku iliyotangulia. Kila alichokunywa alikitapika. Wakati wote huo alikuwa akipewa unga wa tangawizi kavu, kijiko kizima cha chai kwa kila kikombe, vikombe sita au saba kwa siku. Nilipouliza kwa nini hawakuja mapema, yule mama alinitazama usoni akasema, "Daktari, wewe ulisema yamfaa."

Tulimtundikia dripu, tukampa vitamini B1 na dawa ya kuzuia kutapika, na baada ya siku tatu akarudi nyumbani. Mtoto alizaliwa salama wakati wake ulipofika. Lakini jibu la yule mama halikuniondoka. Nilikuwa nimempa mtu dawa bila kumwambia kipimo, bila kumwambia ni kavu au ni mbichi, na bila kumwambia afike lini hospitalini. Ningefanya hivyo kwa vidonge vya duka la dawa, ningestahili kunyang'anywa leseni.

Shina, si mzizi

Ili uelewe kwa nini kijiko cha tangawizi kavu si sawa na kipande cha mbichi, yafaa kwanza uujue mmea wenyewe.

Chukua kipande cha tangawizi mbichi jikoni mwako ukitazame vizuri. Utaona alama za mviringo, kama pete, zilizokizunguka kwa nafasi. Kila pete ni mahali palipokuwa na jani dogo kama gamba. Utaona pia vinundu vidogo kwenye ncha za vidole, mara nyingine vyenye rangi ya kijani au ya waridi. Hayo ni macho, kama ya kiazi, na kila jicho laweza kutoa chipukizi. Mzizi hauna pete za namna hiyo wala macho. Kile unachokishika ni shina nene linalotambaa chini ya udongo, likihifadhi chakula cha mmea. Hapa nitaliita tunguu. Mizizi yenyewe ni ile nyuzi myembamba inayoning'inia chini yake, ambayo muuzaji huikata kabla ya kuipeleka sokoni.

Kinachoonekana juu ya udongo nacho si shina, ingawa kinafanana nalo. Umewahi kukata mgomba ukaona kwamba 'shina' lake ni maganda ya majani yaliyofungana moja ndani ya jingine? Tangawizi hufanya vivyo hivyo, ila mche wake ni mdogo, kwa kawaida kama urefu wa mita moja hivi, na majani yake ni membamba yaliyochongoka mfano wa majani ya mwanzi. Ua lake wengi wa wanaoilima hawajaliona. Likitokea, hutoka kwenye kijiti kifupi kinachochomoza ardhini mbali na majani, lina rangi ya manjano hafifu na mdomo wa zambarau wenye madoadoa. Mbegu hazipatikani isipokuwa kwa nadra sana.

Wataalamu wa mimea huiita Zingiber officinale. Neno hilo la pili lilipewa mimea iliyokuwa ikiwekwa kwenye ghala na maduka ya dawa huko Ulaya zamani. Manjano na iliki ni wa ukoo huo huo, kwa hivyo kile kikombe cha Banissa chenye iliki na tangawizi kimewakutanisha ndugu wawili. Asili ya tangawizi ni bara la Asia, lakini hakuna mahali duniani inapojulikana kuota porini yenyewe. Kwa maelfu ya miaka imeishi kwa mkono wa binadamu tu. Mkulima huvunja tunguu, hula sehemu na kupanda sehemu.

Jambo hilo lina hatari yake. Mmea unaopandwa kwa kuvunjwa hubaki kuwa ule ule vizazi na vizazi, na ugonjwa ukiingia ndani ya tunguu husafiri nalo. Majirani zetu wa Ethiopia walilijua hilo kwa uchungu. Kuanzia mwaka wa 2012 hivi, mnyauko unaoletwa na bakteria uliyaharibu mashamba ya tangawizi kusini mwa nchi hiyo, katika sehemu ambazo familia nyingi ziliitegemea kupata fedha. Bakteria huyo ndiye anayenyausha pia viazi na nyanya katika mashamba yetu. Majani hujikunja na kugeuka manjano, tunguu likaoza na kutoa maji yenye harufu mbaya, na udongo hubaki na vijidudu hivyo kwa muda mrefu. Kwa hivyo kipande chenye madoa meusi yanayolowana usikipande, hata kama kina macho mazuri.

Miezi tisa ardhini

Mkulima huchagua tunguu lililokomaa, hulikata vipande vyenye urefu wa sentimita tatu hadi tano, kila kimoja kikiwa na jicho moja au mawili, na huviacha siku chache kivulini ili mahali palipokatwa pakauke. Huvifukia kwenye udongo tifutifu wenye samadi, kina cha sentimita tano hadi kumi, jicho likitazama juu. Kisha hufunika kwa majani makavu. Baada ya hapo ni kusubiri. Chipukizi laweza kutokea baada ya majuma mawili, laweza kuchukua mwezi na zaidi.

Chipukizi la kwanza likishasimama, kitako chake huvimba na kuwa kidole cha kwanza. Ubavuni mwa kidole hicho jicho jingine hutoa chipukizi la pili, nalo likavimba, na hivyo hivyo hadi chini ya udongo pakawa na kitu mfano wa mkono wenye vidole vingi. Miezi mitatu ya mwanzo mmea hutumia nguvu nyingi kujenga majani. Baadaye ndipo chakula kinachotengenezwa na majani hayo hushuka kwa wingi kwenda tunguuni. Ukiing'oa katika mwezi wa tano au wa sita utapata tangawizi changa, laini, yenye ngozi nyororo na ukali mdogo. Ukiingoja hadi mwezi wa nane, wa tisa au wa kumi, majani yatageuka manjano na kuanguka, na tunguu litakuwa na nyuzi nyingi na ukali kamili.

Muda wote huo yataka joto, kivuli kiasi, na maji. Hasa maji. Shamba lisilonyunyiziwa huhitaji mvua ya kama milimita 1,500 kwa mwaka, tena iliyotawanyika kwa miezi mingi. Hata hivyo haitaki kusimama majini, kwani tunguu huoza. Ndiyo maana hupendelea miteremko ya milima yenye maji. Wilayani Same nchini Tanzania, kwenye milima ya Upare, wakulima wa Mamba Myamba hulima tangawizi kwa maji ya mifereji, na Wapare ni watu wa tangu jadi wa kujenga mabwawa madogo wanayoyaita ndiva. Tangawizi ya Tanzania na ya Uganda huvuka mpaka na kuuzwa katika masoko yetu ya Kenya, kwani wakulima wetu bado hawatoshelezi mahitaji.

Sasa linganisha na Mandera, ambako mvua ni takriban milimita 250 kwa mwaka, na hiyo ni katika mwaka mzuri wa kawaida. Hunyesha wakati wa gu, mwezi wa Aprili na Mei, na wakati wa deyr, Oktoba na Novemba. Katikati ya hapo ni jua. Huko Malkamari na Rhamu, ambako Mto Daua hupita, watu hulima vitunguu, ndizi na mapapai kwa kunyunyizia, na sioni kwa nini tangawizi isijaribiwe chini ya migomba maadamu mto una maji. Lakini mjini Banissa hakuna mto.

Karai la mama

Baada ya mkasa wa mkaza mwanawe, yule mama muuza chai alianza kunihoji kila nilipopita. Kwa nini kavu ni kali kuliko mbichi? Mbichi hutoka wapi? Yeye, je, hawezi kuipanda? Nilimjibu kama mtu aliyesoma jambo hilo juzi, kwani kweli nilikuwa nimelisoma juzi, na nikamwambia waziwazi kwamba Banissa si mahali pa tangawizi.

Hakunisikiliza. Alichukua vipande vya tangawizi kavu dukani akavifukia nyuma ya nyumba, akamwagilia mwezi mzima. Hakikuota hata kimoja. Hili ni kosa ambalo hata wasomaji wa mjini hulifanya. Tangawizi iliyokaushwa imekufa. Macho yake hayana uhai, na hakuna maji yatakayoyafufua. Nayo tangawizi mbichi ya dukani mara nyingine huwa imetiwa dawa ya kuzuia isichipuke, au imekaa kwenye baridi kupita kiasi. Afadhali uilaze usiku mmoja ndani ya maji safi, kisha uiweke mahali penye joto hadi uone jicho limevimba.

Mara ya pili alipata mbichi kutoka kwa dereva wa lori. Akaipanda kwenye karai la plastiki, akalijaza samadi ya mbuzi na udongo, akalinywesha maji kwa moyo wote. Baada ya majuma matatu ilikuwa imeoza. Karai halikuwa na tundu.

Mara ya tatu alilitoboa karai matundu manane kwa msumari wa moto, akatia changarawe chini, akaliweka chini ya kivuli cha ukuta. Huo ulikuwa mwaka wa 2017. Maji yalikuwa yakiletwa kwa malori, akina mama walipanga mitungi kwenye foleni tangu alfajiri, na hapa kuna mtu anayenywesha jani lisiloliwa hata na mbuzi. Majirani walimcheka, na wengine walikasirika. Nami, nikiwa natoka kuwatibu watoto waliokondeana kwa njaa na kuhara, nilienda kumwambia aache. Nilidhani ninalo jambo la busara la kusema.

Alinionyesha mahali karai lilipokuwa. Lilikuwa chini ya kigogo ambacho watu wa nyumba hiyo hukalia wanapotawadha. Mara tano kwa siku, watu wanne wa nyumba ile walikuwa wakiosha mikono, nyuso na miguu kwa ajili ya sala, na maji hayo yasiyo na sabuni yalikuwa yakianguka ndani ya karai badala ya kumwagika mchangani. Yaliyozidi yalipita matunduni yakaingia kwenye ndoo iliyokatwa, na mbuzi wake wakayanywa. Maji aliyoyatumia kuosha mchele nayo yaliishia hapo. Hakuwa amempunguzia mtu hata kikombe kimoja.

Kuna jambo jingine alilolijua bila kuambiwa. Maji ya visima vingi virefu vya kaskazini mashariki yana chumvi, na tangawizi haiipendi chumvi. Ncha za majani huungua na kuwa kahawia. Alipolazimika kutumia maji ya kisima kwa majuma mawili majani yalianza kuungua. Mvua iliponyesha, akaliacha karai nje lisuuzwe, kisha akarudi kwenye maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye birkad, yaani hodhi la kuchimbwa ardhini.

Nimepiga hesabu tangu wakati huo. Tuseme karai moja hunywa lita mbili kwa siku katika joto lile. Kwa miezi tisa ni lita 540, sawa na mitungi 27 ya lita 20. Kwa maji ya kununua ungekuwa wazimu. Kwa maji ya udhu ni kazi ya kusogeza karai.

Ukali hutoka wapi

Ukikata tunguu kwa wembe na kulitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vidogo vya rangi ya dhahabu. Hivyo ni vifuko vya mafuta na utomvu. Vingine viko karibu kabisa na ngozi, na kwa sababu hiyo usiimenye kama muhogo. Ikwangue kwa ubavu wa kijiko tu. Mmea huyatengeneza mafuta hayo kujilinda na wadudu na kuvu wa udongoni. Sisi tumeyapenda kwa sababu nyingine.

Katika tangawizi mbichi kemikali kuu ya ukali huitwa jinjeroli. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka kuwa shogaoli, jina linalotokana na neno la Kijapani la tangawizi, nayo ina ukali wa takriban mara mbili ya ile ya kwanza. Isitoshe, tangawizi mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 80, kwa hivyo kilo tano za mbichi hutoa kama kilo moja tu ya kavu. Upikaji mrefu, kwa upande wake, huzigeuza baadhi ya jinjeroli kuwa kitu kipole zaidi, ndiyo sababu tangawizi iliyochemka nusu saa haichomi kama ile iliyokwanguliwa kikombeni.

Sasa rudi kwa yule msichana. Kijiko cha chai cha unga mkavu kina gramu mbili hivi. Vikombe sita au saba ni gramu 12 au 14 kwa siku. Kipimo kilichotumika katika uchunguzi mwingi kuhusu kichefuchefu cha wajawazito ni takriban gramu moja kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai, tena ikigawanywa mara tatu au nne. Tangawizi nyingi namna ile juu ya tumbo tupu huleta kiungulia na kulichokoza tumbo zaidi. Lakini sitaki nimsingizie mmea. Kilichokaribia kumuua ni ukosefu wa maji mwilini, na siku sita zilizopita watu wakiamini kwamba dawa inafanya kazi.

Tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba si uzushi wa bibi zetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, limeitaja miongoni mwa vitu vinavyopendekezwa kupunguza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Husaidia kichefuchefu kuliko inavyosaidia kutapika. Mama mjamzito anayetapika kila anachokunywa kwa siku nzima, anayekojoa mkojo kidogo wenye rangi ya chai ya rangi, au anayeona kizunguzungu akisimama, amepita mpaka wa tangawizi na anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Nina maneno machache juu ya magonjwa mengine. Kikohozi cha majuma mawili kinataka kipimo cha kifua kikuu. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki, na mtoto anayepumua haraka huku mbavu zikiingia ndani asicheleweshwe kwa kinywaji chochote. Kule Mandera na Wajir kuna pia kala-azar, inayoenezwa na kidudu kidogo kuliko mbu kinachopenda kujificha kwenye vichuguu. Homa yake huenda majuma na majuma, mgonjwa hukonda na wengu huvimba hadi tumbo la kushoto likawa gumu. Nimewaona watu waliokunywa tangawizi na asali kwa mwezi mzima kwa homa hiyo. Bila dawa zake maalum, kala-azar huua.

Wewe unayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kikombe cha chai cha kawaida hakitakudhuru, lakini usianze kumeza unga au vidonge vya tangawizi kabla ya kumwambia daktari wako. Mwambie pia ikiwa unangoja upasuaji au una mawe kwenye nyongo. Na chai yenyewe, iwe na tangawizi au isiwe nayo, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa chakula. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ainywe saa moja au mbili baada ya kula, si pamoja na chakula. Hili la mwisho niliwahubiria sana wanawake wa Banissa na sidhani kama kuna aliyenifuata.

Unapoinunua kavu, ivunje uinuse. Iliyo nzuri huvunjika kwa sauti na harufu hukupiga. Yenye ukungu mweupe au wa kijani itupe, usiikwangue ukadhani umeiokoa. Ukungu waweza kuacha sumu ya aflatoksini, ile ile iliyowaua watu zaidi ya 100 kupitia mahindi katika sehemu za Makueni na Kitui mwaka wa 2004, na moto wa jikoni hauimalizi.

Ukitaka kuipanda nyumbani, wakazi wa Mombasa na Malindi mna bahati ya joto. Nairobi ni baridi kwa mmea huu, hasa Julai, kwa hivyo weka ndoo upande wa nyumba unaopata joto la jua la asubuhi, na usivunjike moyo ikichelewa kuchipuka. Toboa matundu. Mambo mengine umeyaona kwenye karai la mama.

Mwezi wa tisa majani yake yaligeuka manjano yakalala, na majirani wakasema imekufa. Aliniita. Tulilipindua karai juu ya gunia, tukapangusa udongo, na mkono mzima wa tangawizi ukatokea. Tuliupima kwenye mizani tunayopimia watoto wachanga: gramu 900. Alivunja vipande viwili vyenye macho akaviweka kando, akatupa udongo wa zamani mbali na nyumba, akajaza mpya, akavifukia. Vilivyobaki alimpa mkaza mwanawe, aliyekuwa amemfunga mtoto mgongoni, na kumwambia aanike nusu yake kivulini.